Hatia ilisimama, fidia ikaanguka: kisa cha fundi cherehani aliyevunjwa mkono gizani

Majina, mtaa, tarehe na namba za mashauri vimeondolewa, na viwango vya fedha vimezungushwa kidogo. Namba za vifungu ni za matoleo yaliyokuwa yakitumika kesi ikisikilizwa. Anayetaka kunukuu mahakamani aangalie kwanza toleo lililopo mezani leo.

Usuli

Nyumba ni ya vyumba vinane, zile za uswahilini Dar es Salaam: baraza mbele, korido katikati, choo na bafu uani. Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, na kila chumba kinachangia kila wiki. Mlalamikaji, ambaye hapa tutamwita Bi. S., ni fundi cherehani anayeshonea barazani. Cherehani yake ni ya miguu, haili umeme, ila pasi inakula. Mpangaji wa chumba cha tatu, dereva wa bodaboda aliyejulikana nyumba nzima kwa jina la mwanawe, yaani Baba K., alikuwa akilalamika miezi kadhaa kwamba wao wanachanga ili fundi apige pasi nguo za wateja. Bi. S. naye alikuwa na jibu lake: Baba K. ana friji.

Ugomvi wa namna hii mjumbe huumaliza kwa soda mbili. Huu haukumalizika hivyo.

Kilichotokea

Jumamosi moja, yapata saa moja na nusu usiku, yuniti zikaisha. Bi. S. alikuwa na sare za harusi za kukabidhi Jumapili asubuhi. Akaenda kumgongea Baba K. kumwambia mchango wake wa wiki haujatoka. Maneno yakapanda, wapangaji wakawaamua, kila mtu akarudi kwake. Baada ya kama robo saa, Bi. S. akiwa barazani anakusanya vitambaa, alipigwa kwa nondo. Aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, pigo likatua kwenye kiganja. Kelele yake ilisikika hadi uchochoro wa pili: "Jamani, Baba K. kanivunja mkono!"

Mjumbe alifika, akapigia polisi, na mshtakiwa akakamatwa usiku uleule kijiweni kwake. Bi. S. alipewa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali. Eksrei ilionyesha mifupa miwili ya kiganja imevunjika. Siku chache baadaye alifungwa vyuma katika hospitali ya rufaa, na vidole viwili havijakunjika sawasawa mpaka leo.

Mpelelezi alikuwa na njia mbili: kufungua shtaka la shambulio la kudhuru mwili chini ya kifungu cha 241 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, au kusubiri maoni ya daktari kuhusu madhara ya kudumu na kushtaki kwa kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 225, ambacho adhabu yake hufika kifungo cha miaka saba. Alisubiri. Ulikuwa uamuzi sahihi, maana hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa haraka chini ya kifungu chepesi huwa ngumu kuinyanyua baadaye. Mshtakiwa alikana.

Giza na taa ya Mangi

Kesi hii ilikuwa na kichekesho kichungu ndani yake. Sababu ya ugomvi ilikuwa umeme kuisha, na kwa sababu umeme ulikuwa umeisha, utetezi ulisimamia hoja moja tu: kulikuwa giza, nani alimwona nani?

Mwenye mzigo wa kujibu swali hilo ni Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Katiba inasema hivyo katika Ibara ya 13(6)(b), kwamba mtu hatatendewa kama mkosaji mpaka ithibitike ana hatia. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu cha 3(2), inaweka kipimo: katika jinai, jambo limethibitika pale tu mahakama inaporidhika pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi, wakati katika madai inatosha upande mmoja uelemee kuliko mwingine. Tofauti ya vipimo hivi viwili ndiyo iliyokuja kuamua mwisho wa kisa hiki, kwa hiyo msomaji aishike.

Ndugu wa Bi. S. hawakuelewa kwa nini kuna mjadala. Wanaishi naye nyumba moja miaka mitatu, atakosaje kumjua? Lakini mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba hata mtu unayemfahamu unaweza kumfananisha. Tangu shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho katika mazingira magumu hautegemewi mpaka mahakama iridhike kwamba uwezekano wa kukosea umeondolewa. Mahakama inauliza shahidi alimtazama kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa nini na ulikuwa na nguvu kiasi gani, na kama alimjua kabla.

Mwendesha mashtaka alimuuliza Bi. S. swali moja, "Ulimtambuaje?" Akajibu, "Namfahamu, ni mpangaji mwenzangu." Hapo akataka kuendelea na mengine. Kesi ingeishia hapo. Hakimu ndiye aliyeiokoa, kwa sababu sheria inampa nafasi ya kuuliza maswali ya kufafanua, naye akayauliza. Taa ilitoka wapi? Duka la Mangi, ng'ambo ya uchochoro, ambalo lina mita yake. Balbu ngapi? Mbili, moja ndani, moja nje juu ya dirisha la kuuzia. Kutoka balbu ile hadi barazani ni hatua ngapi? Kama tano. Alikuwa amekupa mgongo au uso? Uso, na alisema, "Haya, piga pasi sasa."

Maneno hayo manne yalikuwa na uzito kuliko yote, kwa kuwa hakuna mtu mwingine katika nyumba ile mwenye ugomvi wa pasi. Mangi mwenyewe alikuja kuthibitisha kuwa taa zilikuwa zinawaka, na mjumbe akathibitisha kwamba alipofika tu aliambiwa jina. Kumtaja mshambuliaji papo hapo, kabla ya muda wa kushauriana na mtu, ni jambo mahakama hulipa thamani kubwa. Anayemtaja mtu baada ya wiki mbili hujikuta akieleza alikuwa wapi wiki hizo mbili.

Mpangaji mmoja mwanamke alikuwa amewasha tochi ya simu koridoni, na hakuitwa. Alishahamia mkoa mwingine, na upande wa mashtaka ukaamua kutomfuata kwa sababu ya gharama na tarehe. Utetezi uliiomba mahakama ichukulie kwamba angekuja angesema kinyume. Mahakama ilikataa: kifungu cha 143 cha Sheria ya Ushahidi hakitaki idadi maalumu ya mashahidi, na aliyeachwa hakuwa na jipya kupita waliofika. Nadhani bahati ilisaidia hapa. Kama Mangi angesita kidogo, pengo lile lingeonekana kubwa.

Mshtakiwa katika utetezi wake alisema muda ule alikuwa kijiweni. Hakuwa ametoa taarifa mapema kama Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inavyotaka, na mahakama haikuupa utetezi huo uzito. Wasaidizi wa kisheria wengi hukosea kuisoma hatua hii. Kuukataa utetezi wa kutokuwepo hakumaanishi kwamba mshtakiwa alipaswa kuuthibitisha. Hata angenyamaza kimya, Jamhuri ingebaki na mzigo wake wote. Mtu hafungwi kwa udhaifu wa utetezi wake.

Nondo iliyolala chini ya kitanda

Mjumbe, kwa nia njema kabisa, aliiokota nondo, akaifunga kwenye gazeti na kuiweka chini ya kitanda chake. Polisi waliichukua siku nne baadaye. Hapakuwa na hati ya ukamataji iliyosainiwa na mashahidi, wala maandishi ya kuonyesha nani alimkabidhi nani. Ilipofika mahakamani, wakili wa utetezi aliuliza swali fupi: "Mzee, mtaa wenu una nyumba ngapi zinazojengwa?" Nondo za milimita 12 zimejaa Dar es Salaam nzima. Kielelezo kilikataliwa.

Kesi haikufa, kwa kuwa kifungu cha 225 hakitaki silaha ithibitike. Kinataka madhara makubwa na aliyeyasababisha. Lakini ingekuwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haipungui kifungo cha miaka thelathini, kitanda cha mjumbe kingeweza kumwachia mshtakiwa huru. Wajumbe na wenyeviti wa serikali za mitaa ndio hufika kwanza karibu kila mara, na ushauri wa kuwapa ni rahisi: kitu kiachwe kilipo, kilindwe, polisi wafike. Kama lazima kiokotwe, basi waliopo waandike majina na saa, wasaini.

Hukumu na mstari mmoja

Baada ya mwaka na ushei, mshtakiwa alitiwa hatiani. Hukumu ilikuwa na kurasa kumi na nne. Kwa kuwa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, Bi. S. aliisoma mwenyewe neno kwa neno. Swali alilokuja nalo ofisini kwetu lilikuwa hili: "Mbona taa ya Mangi ina kurasa tatu, na mkono wangu mstari mmoja?"

Alikuwa amesoma vizuri. Adhabu ilikuwa faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miezi kumi na miwili, na chini yake: mshtakiwa atamlipa mlalamikaji shilingi 3,000,000 kama fidia. Hakuna sababu, hakuna hesabu. Ndugu wa mshtakiwa walilipa faini siku hiyohiyo, akatoka. Faini ikaenda serikalini, fidia ikabaki karatasini. Bi. S. mwenyewe siku ya hukumu hakuwepo, hakuna aliyemjulisha tarehe. Hakimu alipouliza kama upande wa mashtaka una la kusema kabla ya adhabu, jibu lilikuwa lile la kila siku: hatuna kumbukumbu za makosa ya nyuma, tunaomba adhabu kali.

Rufaa

Mshtakiwa alikata rufaa ndani ya muda: notisi ndani ya siku kumi, sababu za rufaa ndani ya siku arobaini na tano. Mahakama ya juu iliondoa PF3 kwenye kumbukumbu, kwa kuwa ilipokewa kama kielelezo lakini haikusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa. Ni kosa dogo kulifanya na linajirudia kila siku: fomu inapokewa, inapigwa muhuri, shahidi anaambiwa ashuke. Hatia ilisimama hata hivyo, kwa sababu daktari alikuja mwenyewe na kueleza kwa mdomo alichokiona kwenye eksrei na hali ya vidole. Maneno yake yaliziba pengo la karatasi.

Amri ya fidia ilifutwa. Kifungu cha 348 cha Sura ya 20 kinairuhusu mahakama, baada ya kumtia mtu hatiani, imwamuru alipe fidia ya haki kwa aliyepata hasara au jeraha kutokana na kosa, ikiwa inaonekana kutoka kwenye ushahidi kwamba mtu huyo angeweza kupata fidia ya maana kwa kufungua shauri la madai. Mahakama iliyosikiliza rufaa haikuona kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, risiti hata moja, wala swali hata moja kuhusu kipato, wala sababu ya kuchagua milioni tatu badala ya moja au tano.

Sikubaliani nayo moja kwa moja. Maumivu na ulemavu wa vidole vilikuwa kwenye ushahidi wa daktari, na kwa hayo peke yake mahakama inaweza kukadiria kiasi bila risiti. Ibara ya 107A(2)(c) ya Katiba inaitaka mahakama itoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine. Lakini amri isiyo na sababu haina pa kushikwa.

Njia ya madai

Shauri lilipotufikia, miaka miwili na miezi kama mitatu ilikuwa imepita tangu siku ya tukio. Madai ya kujeruhiwa yana ukomo wa miaka mitatu, na kesi ya jinai haisimamishi hesabu hiyo. Miezi ilikuwa imebaki tisa.

Kulikuwa na wazo la kurudi kwenye jinai na kuomba rufaa ya juu zaidi kuhusu fidia. Tuliliacha. Ingechukua muda, na hata kwa ushindi tungerudi kwenye mwenendo uleule usio na risiti. Tukafungua madai mahakama ya wilaya, na hapo hukumu ya jinai ikageuka kuwa mali. Kwa kifungu cha 43A cha Sheria ya Ushahidi, hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Giza, taa, balbu, vyote vilifungwa. Kilichobaki kubishaniwa ni kiasi tu, tena kwa kipimo cha madai.

Hasara mahsusi, yaani ile inayohesabika kwa fedha, lazima itajwe kwa tarakimu na ithibitishwe kikamilifu. Risiti za hospitali zilipatikana nyingi, kwa sababu hospitali ilikuwa na nakala. Upasuaji na vipimo vilifika shilingi 1,150,000. Dawa na nauli 240,000, ambazo kaka yake alizituma kwa simu. Meseji zilishafutwa, tukaomba taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, tukaambatanisha kiapo kuhusu jinsi ilivyotolewa na kuhifadhiwa, kwa mujibu wa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015.

Kipato ndicho kilichotutia wasiwasi. Fundi wa barazani hana hati ya mshahara. Alikuwa na daftari la kaunta lenye jalada jekundu lililochakaa pembeni, na ukurasa mmoja unatosha kuonyesha lilivyo: "gauni la kitenge, mikono ya puto, kiuno 34, elfu 25, katoa 10, bado 15." Mistari kama hiyo kwa miaka miwili, kalamu tofauti, alama ya vema kwa waliomaliza, maneno ya ukali kidogo kwa wasiomaliza. Halafu ukurasa wa wiki ya tukio: sare za harusi, na pembeni kwa mwandiko wa mtu mwingine, "pesa zimerudishwa." Baada ya hapo kurasa tupu. Daftari linalojazwa kila siku huaminika kwa sababu lina makosa na madeni ndani yake. Hakuna anayetunga deni la elfu mbili la vifungo. Tulihesabu wastani wa 90,000 kwa wiki baada ya kutoa gharama, wiki kumi na moja alizokaa bila kushona: 990,000.

Jumla ya hasara mahsusi ikawa 2,380,000. Fidia ya jumla, yaani ya maumivu na ulemavu ambavyo havina risiti, tuliomba 4,500,000. Mashauri ya madai hupitia usuluhishi kwanza, na wakili wa upande wa pili, akijua hatia haina mjadala tena, alikuja na namba. Walikubaliana 4,200,000 kwa awamu sita za 700,000, na makubaliano yakasajiliwa kuwa tuzo ya mahakama.

Uchambuzi

Upelelezi na mashtaka walikuwa na jalada la hatia, nalo, ukiondoa nondo na usomaji wa PF3, lilikuwa jalada zuri. Jalada la fidia halikuwepo, na hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kulifungua. Maelezo ya polisi yanauliza nani, wapi, lini, kwa kitu gani. Hayaulizi umetumia shilingi ngapi wala ulikuwa ukiingiza kiasi gani kwa wiki. Mwendesha mashtaka anaongoza shahidi wake kuelekea vipengele vya kosa, na gharama ya hospitali si kipengele cha kosa. Hakimu anaandika anachosikia. Ikifika siku ya adhabu, fidia inatolewa kwa huruma, na huruma haihimili rufaa.

Sheria ilikuwa na milango zaidi ya mmoja. Kifungu cha 236 cha Sura ya 20 kinairuhusu mahakama kupokea ushahidi kabla ya kutoa adhabu ili ijue adhabu inayofaa; pale Bi. S. angeweza kusimama dakika kumi na daftari lake. Kanuni za Adhabu zinaitaja fidia miongoni mwa adhabu zenyewe, na kifungu cha 31 kinairuhusu itolewe pamoja na adhabu nyingine au badala yake. Mtu mwenye bodaboda na ndugu walioweza kutoa laki tano siku moja angeweza kubanwa alipe aliyemuumiza. Katika ubakaji Bunge limeondoa hiari hiyo: kifungu cha 131 kinataka fidia iamriwe. Kwa mkono uliovunjwa, bado inategemea nani kakumbuka.

Kilichofanya kazi kilitokana zaidi na watu kuliko na mfumo: fundi aliyetaja jina palepale, Mangi aliyefunga duka asubuhi mbili kuja kutoa ushahidi, hakimu aliyehesabu hatua. Kusubiri maoni ya daktari kulisaidia mara mbili, kwanza kwenye shtaka, kisha kwenye makadirio ya fidia ya jumla.

Swali moja halina jibu zuri bado. Tangu 2019 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa, na makubaliano hayo yanaweza kubeba fidia ndani yake. Katika kesi hii hakuna aliyeupendekeza. Wakili wa utetezi aliamini giza litamwokoa mteja wake, na mwendesha mashtaka aliamini shahidi wake. Wote walikuwa na sababu. Lakini milioni nne zingeweza kulipwa miezi ya mwanzo, Bi. S. akiwa bado na mkono kwenye plasta na kodi ya chumba inadaiwa. Kwa upande mwingine, aliponiambia kwamba alitaka mahakama iseme kwa sauti nani alimpiga, sikuona namna ya kumwambia kwamba hilo lina thamani ndogo kuliko fedha.

Awamu tatu zimelipwa. Ya nne imechelewa wiki sita, na maombi ya kukazia hukumu dhidi ya bodaboda yameshaandaliwa.